Amplifaya Ndogo na Spika za Mama Lugano

Ndugu zangu, kabla ya habari hii nianze na kosa langu. Mwaka juzi nilimfokea binti yangu Ikupa mbele ya wageni kwa sababu chai ilichelewa. Nilikuwa nimeshinda tangu asubuhi nikipatanisha watu wa nyumba nyingine, na nilikuwa nimechoka. Mtoto akalia, kisha akaacha kuzungumza nami karibu miezi miwili. Mchungaji aliponiuliza, nikamjibu kwamba mtoto ana moyo mwepesi, hastahimili neno. Nilisema vile nikijua si kweli. Mungu anisamehe. Shule sikufika mbali, lakini habari ya mtu huyu ninayewasimulia ilinifungua macho.

Mtu mmoja alikuwa na spika mbili za mbao, ndefu kufika kiunoni. Jina lake Anyitike. Spika hizo yeye na mkewe waliachiwa na mama mkwe wake, ambaye enzi zake aliimba sauti ya kwanza, ile nyembamba ya juu, kwenye kwaya, na pamoja na spika aliacha kanda moja ya nyimbo. Mke wa Anyitike, Mama Lugano, hakuwa na picha ya mama yake hata moja. Alikuwa na ile kanda. Kila Jumapili baada ya chakula alikaa akaisikiliza sauti ya mama yake ikipanda juu ya wengine wote.

Amplifaya yao, ile mashine inayozipa spika nguvu ya sauti, ilikuwa ndogo, ya wati thelathini. Spika zilikuwa za wati mia. Kwa kusikiliza watu wawili sebuleni ilitosha kabisa, na kwa miaka mingi haikumsumbua mtu.

Siku moja wakaja wageni wengi, wakajaa mpaka uani. Mmoja akatania, "Shemeji, spika kubwa hivi, mbona zinanong'ona kama zina mafua?" Watu wakacheka. Anyitike akaona aibu, akazungusha kitufe cha sauti mpaka mwisho. Muziki ukaanza kukwaruza.

"Baba Lugano, rudisha, haisikiki vizuri," mkewe akasema.

Hakurudisha. Wageni walipoondoka, spika ya kushoto ilikuwa inatoa besi tu, ile sauti nzito. Kile kispika kidogo cha juu kinachotoa sauti nyembamba, ambacho mafundi hukiita twita, kilikuwa kimeungua. Sauti ya mama ikabaki upande wa kulia peke yake.

Anyitike akasema spika hizo ni dhaifu, zimeshindwa kuhimili nguvu. Akafikiri kama wengi wetu tungefikiri: nikiweka amplifaya ndogo zaidi, spika zitakuwa salama. Akabadilishana na jirani, akaleta ya wati kumi na tano. Hiyo, ili isikike tu mpaka jikoni, ilibidi ifunguliwe karibu yote. Ilikwaruza tangu wimbo wa kwanza. Jumapili ya pili twita ya kulia nayo ikaungua. Kwaya ikabaki kama ya wanaume peke yao. Mama Lugano akasogeza kiti, akaweka sikio kwenye spika, akasikiliza wimbo mzima. Kisha akainuka akaenda kuosha vyombo.

Hapo ndipo Anyitike alipozibeba spika kwa fundi Asegelile. Akaeleza yote, akamalizia kwa kuzilaumu spika. Fundi akafungua, akautazama waya mwembamba uliokuwa mweusi, akamwambia, "Baba Lugano, hizi hazikuunguzwa na nguvu nyingi. Zimeunguzwa na amplifaya iliyolazimishwa kutoa kisichokuwamo."

Akamweleza kwamba amplifaya ikifika mwisho wa uwezo wake hainyamazi. Inaendelea kupiga kelele, ila sauti yake inatoka imekatwakatwa, na kelele hiyo mbovu haianzi kwa spika kubwa ya besi. Inamuunguza kwanza yule mdogo wa juu. Fundi akapata twita mbili kutoka kwenye spika kuukuu, akazifunga. Akamshauri atafute amplifaya ya wati mia na hamsini, na kwa sebule ile asiifungulie kupita robo. Anyitike akashangaa: nguvu yote hiyo ikae bure? Fundi akacheka, akasema haikai bure, ndiyo inayofanya sauti itoke safi.

Jumapili aliyoileta hiyo kubwa, Anyitike aliponyoosha mkono kuwasha, mkewe akamtangulia. "Leo nafungulia mimi." Akafungulia kidogo tu. Sauti ya kwanza ikapanda, na Mama Lugano akakaa.

Ndugu zangu, amplifaya ile ndogo ni mimi, na pengine ni wewe. Tunapandishwa na kicheko cha wageni, au na sifa zao, tunafungua mpaka mwisho. Nguvu zikiisha hatunyamazi, tunakwaruza. Walio wagumu hawadhuriki. Anaungua yule mdogo ndani ya nyumba, mwenye sauti nyembamba, na sisi tunasema ana moyo mwepesi.

Sasa naomba jambo moja. Jumapili iliyopita mlinichagua mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, na nilikubali kwa sababu mlipiga makofi. Kazi hiyo siiwezi pamoja na zile nilizo nazo. Tafadhali, mchagueni mtu mwingine.