Bi Mashavu na Donge la Piza

Paukwa!

Pakawa!

Nani ana njaa?

Sisi sote!

Basi sogeeni, wakubwa kwa wadogo, maana hadithi ya leo inaanza na unga mkavu na inamalizika na vidole vyenye mafuta.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakiozesha watoto wao kwa ngoma na karamu, palikuwa na ngiri mmoja jike. Jina lake Bi Mashavu. Mwili mzito, shingo nene, meno yamejipinda juu kama mishikio ya kikapu. Moyo wake ulikuwa mzuri. Lakini miguu yake, jamani! Akipita jikoni, kwaa! Chungu kimevunjika. Akigeuka, pwaa! Mchuzi umemwagika. Kwenye karamu ya mavuno alikalia sinia zima la wali, na wageni wakarudi kwao na njaa.

Tangu hapo hakuitwa tena jikoni. Kukiwa na shughuli, huyu anatwanga, yule anachota maji. Yeye anaambiwa, "Bi Mashavu, wewe pumzika." Akawa anapumzika, roho inamuuma.

Ikafika harusi. Bi Digidigi alikuwa anamwozesha mwanawe wa pekee. Bibi harusi alitoka kwa digidigi wa ng'ambo ya mto, na alituma ombi moja tu. Hakutaka pilau, hakutaka maandazi. Alisema, "Siku yangu nataka piza."

"Piza ni mdudu gani?" akauliza Mzee Mhanga, mate yakimdondoka.

"Si mdudu, babu," akasema Bi Kanga. "Ni mkate bapa wa duara. Unapakwa nyanya, unanyunyiziwa vitunguu na jibini, unaokwa kwa moto mkali."

Bi Kanga alijua. Ujanani alikuwa akidonoa makombo nyuma ya jiko la hoteli, na jicho lake halikupitwa na kitu. Lakini bawa lake lilikuwa limeteguka, limefungwa kitambaa. Kusema angeweza, kukanda asingeweza.

"Mimi nitaelekeza," akasema. "Nani atakanda?"

Unga ulikuwa gunia moja tu. Hamira, kikopo kimoja. Na wageni wangevuka mto jua likianza kuinama. Ukiharibika huo, hakuna mwingine. Bi Digidigi angeaibika mbele ya wakwe.

Basi wakaanza. Maji ya vuguvugu, kama ya kumwogeshea mtoto mchanga. Sukari kidogo. Hamira ndani. Wakangoja, povu likapanda, fuu, fuu, fuu. Wakamimina unga kwenye sinia kubwa, chumvi, mafuta, na yale maji yenye povu.

Bi Digidigi akajaribu kukanda. Miguu yake myembamba ikazama, ikanasa. Wakamvuta, chwap! Mzee Mhanga akajaribu. Kucha zake zikaukata unga vipande vipande. Ngedere akajaribu. Akakanda mara mbili, akalamba mara tatu, akasema amechoka.

Bi Mashavu alikuwa nje ya ua, anachungulia. Moyo unamdunda, du, du, du. Akawaza: nikiomba, watanicheka. Nisipoomba, harusi itaharibika nami naona. Akaingia polepole, akiangalia kila anapokanyaga.

"Naomba nikande mimi."

Ngedere akacheka mpaka akaanguka chali.

Bi Digidigi akamshika bega. "Mashavu dada yangu, nakupenda. Lakini gunia ni hili hili."

Bi Mashavu akasema, "Nilichofanya kwenye mavuno nakijua. Sijasahau hata siku moja. Lakini tazama magoti yangu."

Wakatazama. Yalikuwa na sugu ngumu kama kokwa.

"Mimi nakula nimepiga magoti," akasema. "Nachimba mizizi nimepiga magoti. Asubuhi mpaka jioni sichoki."

Bi Kanga akainamisha kichwa, jicho moja kwa Mashavu, jicho moja kwenye sinia. "Miguu yako inavunja vitu ikitembea," akasema. "Hapa hutembei. Nenda kanawe."

Akanawa. Akasugua kwato na magoti mpaka vikang'aa. Akapiga magoti ya mbele ndani ya sinia, akaanza.

Pu! Pu! Pu!

"Usipige, sukuma," akasema Bi Kanga. "Sukuma mbele. Kunja. Geuza."

Bi Mashavu akasukuma, akakunja, akageuza. Na alipoushika ule mwendo, wimbo ukamtoka:

*Kanda, Mashavu, kanda,*
*Sukuma, kunja, geuza.*
*Kanda, Mashavu, kanda,*
*Harusi yaja, geuza!*

Haya, tuimbe wote! Kanda, Mashavu, kanda!

Mwanzo unga ulinata kama gundi. Akakanda. Ukaanza kuachana na sinia. Akakanda. Ukawa donge moja, laini kama ndewe ya sikio. Ukilibonyeza kidogo, linarudi.

"Mafuta juu. Kitambaa juu. Sasa ngoja," akasema Bi Kanga.

"Ninapongoja nifanye nini?"

"Usifanye kitu."

Ehe! Hiyo ndiyo iliyomshinda. Kukanda ni kazi, lakini kukaa na donge lililofunikwa, hujui limelala au limekufa, hiyo ni kazi kubwa zaidi. Akakaa. Akainuka. Akakaa. Mwisho akaenda kumsaidia Mzee Mhanga, aliyekuwa amechimba tumbo la kichuguu kikubwa na kukifanya tanuri. Akambebea kuni.

Huku nyuma Ngedere akalisogelea sinia. Akainua kitambaa. Donge limevimba, jeupe, duara, kama mwezi. Akasema, "Hivi ndani kuna nini?" Akachomeka kidole.

Fyuuuuu!

Donge likabonyea. Likalala kama mfuko mtupu.

Bi Digidigi akaja, akaona, akapiga kelele. Wote wakakimbilia pale. Na wote, bila kuuliza, wakamgeukia mmoja.

"Mashavu! Umeliharibu!"

"Nilijua mimi!"

"Tulikwambia upumzike!"

Bi Mashavu alikuwa anatazama kidole cha Ngedere. Kilikuwa na unga mpaka kwenye kifundo. Mkia wake ukasimama wima, tii! Nywele za mgongo zikasimama. Pua ikavuma. Ngedere akaanza kurudi nyuma, hatua kwa hatua, mpaka mgongo ukagota kwenye meza ya nyanya.

Bi Mashavu akaiona ile meza. Akaona nyanya, vitunguu, jibini, vyote vimepangwa. Akijitupa, harusi imekwisha. Akavuta pumzi. Akaishusha. Akavuta nyingine. Mkia ukashuka.

"Bi Kanga," akauliza, "limekufa?"

"Nani kasema? Hamira bado i hai. Likunje upya, ulifunike, litainuka tena. Na litakuwa tamu zaidi. Ila saa, mama. Saa ndiyo hatuna."

Ng'ambo ya mto ngoma zilikwisha anza kulia. Ti-ndim, ti-ndim.

Bi Mashavu akafikiri. Hamira ilipenda maji ya vuguvugu. Basi itapenda na mahali pa vuguvugu. Akalikunja donge, akalifunika, akalisukuma sinia kwa pua, taratibu, mpaka ubavuni mwa kichuguu chenye moto. Hakumwaga hata punje. Kisha akajilaza kando, akalikinga upepo kwa mwili wake wote mkubwa.

Ngedere akaja, kichwa chini, akainua kidole chake chenye unga mbele ya wote. "Ni mimi," akasema. "Si yeye."

Wakatazamana. Bi Digidigi akafunika uso kwa aibu. "Nisamehe, dada."

"Nimekusamehe," akasema Bi Mashavu. "Na wewe Ngedere, kakate vitunguu."

Akakata, analia chozi tiriri, wenzake wanacheka, mwishowe naye akacheka.

Na donge? Likapanda! Kitambaa kikainuka kama tumbo la aliyeshiba. Wakaligawa, wakatandaza duara, wakapaka nyanya, wakanyunyiza vitunguu na jibini. Tanurini, chwaaa! Harufu ikavuka mto kabla wageni hawajavuka, nao wakaongeza mwendo.

Walikula, wakarudia. Bibi harusi akauma kipande, jibini ikavutika kutoka mdomoni mpaka kwenye sahani, naye akapiga vigelegele mdomo umejaa.

"Nani amekanda?"

"Dada yangu Mashavu," akasema Bi Digidigi, kwa sauti ya kusikika na kila mtu. Akamwonyesha pale alipo, mbele ya tanuri, unga mpaka masikioni. Alikuwa amewapakulia wote na kujisahau mwenyewe.

Bibi harusi akaacha kiti chake cha heshima. Akachukua kipande kikubwa chenye moto, akapuliza, fuu, fuu, akamlisha Bi Mashavu kwa mkono wake mwenyewe, watu wote wanaona.

Basi enyi mnaosikiliza, shikeni hili: mwenzenu akikosea siku moja, msimfungie mlango siku zote. Mpeni kazi inayomfaa, na mpeni muda. Na kabla ya kumlaumu, ulizeni kwanza.

Hadithi yangu imefika mwisho wake hapo. Aliyeshiba anawe mikono, na mwenye njaa akawashe moto!