Mchoro wa Bi Zuwena

Kisa hiki nimetumiwa na mtu ambaye naye alitumiwa, nami nakupitishia wewe. Si cha kuchekesha. Kama nyumbani kwenu kuna jambo mnafichana kwa mapenzi, kisome mpaka chini, kisha umpe huyo unayemficha naye akisome.

Palikuwa na fundi mmoja wa pwani, jina lake Vuai, aliyekuwa akitengeneza bodi za tanga uani kwake. Ni zile bodi ambazo mtu husimama juu yake, akashika tanga, upepo ukamkimbiza baharini. Ndani zina povu gumu, jepesi. Nje zimevishwa kitambaa cha fiba na gundi. Zikigonga mwamba hupata ufa, na ufa hata uwe mwembamba kama unywele, maji hupenya na povu likayanywa.

Fundi Vuai alikuwa na sheria moja. Bodi iliyoingia maji haizibwi juu juu. Hutobolewa, likachimbwa povu lililooza, ikaachwa wazi mpaka ikauke, ndipo ifungwe. Wala hakuhitaji kipimo. Aliigonga kwa vidole, na ikitoa sauti nzito, basi ina maji.

Siku moja kijana alimletea bodi iliyopakwa rangi za kupendeza. Alipoona keekee inatolewa, akaanza kubembeleza.

"Usiitoboe, fundi. Nipakie gundi juu tu. Utaniharibia rangi yangu."

"Kwani wewe bodi unaipanda au unaitundika ukutani?" Fundi Vuai alimuuliza. "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Shika huku!"

Na keekee ikaingia. Watu waliokuwepo uani wakacheka, na kijana naye akacheka kwa shida.

Kazi ya rangi ilikuwa ya mke wa fundi, Bi Zuwena. Bodi ikishapona, yeye ndiye aliyeichora upya. Hakujifunza popote. Alichora kuku. Kuku wanaoparura, kuku wanaokimbizana, jogoo aliyekasirika. Wageni waliwapenda kuku wale mpaka wengine walileta bodi nzima zisizo na ufa, ili tu zichorwe.

"Toboa usiogope, Baba Raya," alikuwa akimwambia mumewe. "Rangi mie nitairudisha."

Raya alikuwa mtoto wao pekee. Alifundisha wageni kupanda bodi, na kwa upepo hakuwa na mpinzani pale kijijini. Bi Zuwena alipoanza kuumwa, alimchorea binti yake bodi yake: kuku mmoja na kifaranga mmoja nyuma yake. Aliichora akiwa amekaa mkekani, mkono ukitetemeka, na mguu mmoja wa kuku ukatoka umepinda. Alitaka kuurekebisha. Hakuwahi, kwani maradhi yalimzidi akafariki.

Mwaka haukupita, bodi ya Raya ikagonga mwamba. Ufa ukapita katikati ya kuku, karibu na pale mlingoti wa tanga unapoingia.

Raya alimletea baba yake. Fundi Vuai akaigonga. Sauti ilikuwa nzito.

Alijua cha kufanya. Ingekuwa ni bodi ya mtu mwingine, angeshamaliza kuikata kabla mwenyewe hajakaa. Akachukua keekee, akaielekeza kwenye kifua cha kuku. Akaiangalia ile miguu, mmoja mzima na mmoja umepinda. Akaiweka keekee chini.

Usimcheke. Mimi na wewe tungefanya vivyo hivyo.

Alipangusa maji kwa kitambaa, akapaka gundi nyembamba inayoangaza, akapitisha msasa laini. Ufa haukuonekana tena. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Fundi Vuai aliuziba, na kuuziba kwenyewe ndiko kulikokuwa msiba.

"Imepona?" Raya aliuliza.

"Imepona, mwanangu."

Raya akaitwika kichwani. Akasimama nayo kidogo.

"Nyepesi?" baba aliuliza, bila ya kumtazama.

"Nyepesi, Baba."

Akaenda nayo baharini, siku ile na siku nyingi baada yake. Kila aliporudi, Fundi Vuai aliitazama bodi na kujiambia kuwa wiki ijayo ataitoboa. Wiki ijayo ikawa na wiki ijayo yake.

Povu liliendelea kuoza, uozo ukafika mpaka pale mlingoti unaposhika. Siku moja upepo ulikuwa mkali na maji yalikuwa yanakupwa. Raya alikuwa nje ya mwamba, karibu na mlango wa bahari, pale maji yanapopita kwenda nje, mlingoti ulipong'oka na kutoka na tundu lake. Tanga likaanguka upande mmoja, yeye upande mwingine. Bodi, iliyokuwa inaelea juu, ikachukuliwa na upepo kuja pwani. Mtu aliye majini hachukuliwi na upepo. Maji ya kupwa yalimvuta kumpeleka nje.

Bodi ilifika kwanza. Watoto waliipigia kelele, na Fundi Vuai akaja mbio pekupeku. Akaipindua. Kuku alikuwa mzima. Kifaranga alikuwa mzima. Hapakuwa na mkwaruzo hata mmoja kwenye rangi.

Raya alipatikana kesho yake, akazikwa alasiri hiyo hiyo karibu na mama yake.

Siku ya tatu ya matanga, Pandu, kijana aliyekuwa akifundisha pamoja na Raya, alikaa karibu na Fundi Vuai.

"Mzee Vuai, nina neno linanichoma. Nilimwambia Raya aibadilishe bodi ile. Ilikuwa imeshakuwa nzito."

"Naye akakujibu nini?"

"Alisema, 'Najua ina maji. Nilijua siku ile ile nilipoitwika. Lakini nikimwambia Baba, itambidi amkate kuku wa Mama, na yeye hana kilichobaki isipokuwa yule kuku. Mwache.'"

Fundi Vuai akaanza kulia kwa sauti, kilio ambacho wanaume wa pale hawakuwa wamekizoea, na baadhi yao wakatoka nje.

"Kwa ajili yangu?" alisema. "Mimi nilimwacha kuku kwa ajili yake! Nilidhani nikimkata nitamzika mama yake mara ya pili. Kumbe kila mmoja alikuwa anamlindia mwenzake. Ningemuuliza tu, Pandu. Neno moja. Nilikuwa naye nyumba moja, tunakula sahani moja!"

Pandu akamshika bega.

Matanga yalipoisha, Fundi Vuai aliilaza bodi uani, akachukua keekee na kumtoboa kuku kifuani. Maji yakaanza kutoka, meusi, yananuka. Yalitiririka polepole yakalowesha mchanga, na yeye akakaa kando anayatazama bila ya kufanya kazi nyingine yoyote.

Pandu alipita jioni akamkuta hapo. Akainama, akagusa tundu, akatafuta neno la kumfariji.

"Inatoa vizuri, mzee. Itakauka. Itafaa tena."

Fundi Vuai akamtazama.

"Itamfaa nani, Pandu?"

Funzo: Unachomficha mpendwa wako ili asiumie, huenda naye anakijua na anakificha ili wewe usiumie, na huku kinawala nyote wawili. Mwambie leo, angali yupo wa kukukasirikia.