Ua Lililonuka Mzoga

Wapendwa, kule Same kulikuwa na mama mmoja, Mama Eliapenda, ambaye kwa mwaka wa pili alikuwa hasemezani na jirani yake. Jirani huyo, Nakijwa, alikuwa mpika chapati, na watu wa mtaa walizoea kunywa chai barazani kwake. Chanzo cha ugomvi? Kuku aliyefukua mchicha.

Asubuhi moja Mama Eliapenda akafungua mlango, akapokewa na harufu ya mzoga. Mnajua alisikia nini moyoni? Furaha. Hakutafuta harufu inatoka wapi. Alijifunga kanga, akaenda moja kwa moja bombani, akawaambia wanawake waliopanga ndoo: "Nyumba ya Nakijwa inanuka mzoga. Mnaokula chapati zake, shauri yenu."

Siku ya tatu benchi la Nakijwa lilikuwa tupu.

Nakijwa akaja kupiga hodi. Hakuja kwa shari.

"Mama Eliapenda, uliyoyasema yamenifikia. Nimefagia kwangu mpaka uvunguni, sijaona kitu. Naomba tutafute wote."

"Katafute kwako."

"Kwangu nimemaliza, dada. Na nikisimama hapa kwako ndipo harufu inazidi."

Kwenye kona ya baraza kulikuwa na kopo lenye mmea usio na majani, mashina yake manene kama vidole. Binti wa Mama Eliapenda alimletea uwe pambo. Wiki ile ulikuwa umechanua kwa mara ya kwanza: ua moja kubwa lenye pembe tano, rangi ya maini, lina vinyweleo. Nzi wa kijani walikuwa wamelifunika. Nakijwa akainama kunusa, akarudi nyuma akiziba pua.

"Ni hili. Na tazama, nzi wametaga humu. Wamedhani ni nyama."

Mama Eliapenda akatazama. Mabuu yalikuwa yameshaanza kuanguliwa, yanatambaa juu ya ua bila cha kula. Mengine yamekufa. Akaketi chini pale pale.

Nakijwa hakumcheka. Alisema tu, "Watoto wangu wanasoma kwa chapati hizo," akaondoka.

Kesho yake Mama Eliapenda akalibeba kopo lile mpaka bombani, akawaonyesha wenzake, akakiri. Wengine walicheka, wengine hawakumwamini. Basi akaenda kuketi peke yake kwenye benchi la Nakijwa, akala chapati mbele ya wapita njia wote. Akafanya hivyo wiki nzima. Wateja wakaanza kurudi, ingawa si wote. Wapo ambao hadi leo hawajarudi.

Sasa niwaulize. Ua lile lilimdanganya nani? Nzi, mtaniambia. Na nyuki je? Nyuki alipita pale, hakutua, maana hana haja na mzoga. Ua lile linamnasa yule anayetafuta uvundo. Nzi akaweka watoto wake mahali pasipo na chakula, na yule mama akaweka maneno yake mahali pasipo na ukweli.

Sisi hatuko mbali naye. Tunasema tumedanganywa, tunawalaumu waliotuletea maneno. Lakini kesho ukiletewa habari mbaya ya ndugu yako, kabla hujauliza kama ni kweli, uulize moyo wako: umekuwa ukiitafuta tangu lini?