Aliyefagia Uwanja wa Bi Kanga

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba na nyua zao, Bi Kanga alitaga mayai pembeni mwa jiko lake. Kila jioni aliyageuza na kuyaimbia, maana msimu uliopita hakujaaliwa hata kifaranga mmoja.

Asubuhi moja alikwenda kisimani. Aliporudi akasikia, faa! faa! faa! Jirani yake Nguchiro alikuwa anafagia uwanja kwa fagio la chelewa, jasho linamtiririka.

"We Nguchiro! Tangu lini ukafagia kwangu?"

"Aa, ujirani tu, Bi Kanga!" Akatupa fagio, huyo, chwii!

Wanangu, uwanja wa mtu hufagiwa na mwenyewe. Jirani hushika fagio siku ya msiba tu, na asubuhi ile Nguchiro peke yake ndiye aliyejua kuwa pale pana msiba. Bi Kanga alikimbilia jikoni. Kiota kitupu! Maganda aliyakuta jalalani, yamefukiwa chini ya majivu.

Kesi ikafika barazani. Hakimu alikuwa Simba, na wazee wa kuamua walikuwa Tembo, Nyati na Kifaru.

"Nilimkuta anafagia nyayo zake," Bi Kanga akaanza.

"Napinga, Mheshimiwa!" Nguchiro akaruka. "Nimeshtakiwa kula. Kufagia si kula! Nilikuta mayai hayapo, nikaogopa kusingiziwa. Mwoga naye hufagia. Wazee wasisikie habari hiyo, itawapotosha."

"Mwongo mkubwa wewe!" Bi Kanga akapiga kelele.

Nguchiro akamgeukia Tembo taratibu. "Babu Tembo, mahindi ya Ngiri yalipoliwa, si ulijificha kichakani? Ni wewe uliyeyala?"

"Ala! Mimi? Niliogopa maneno ya watu tu!"

"Na wewe Mzee Nyati, siku kisima kilipobomolewa, yale matope uliyokuwa unayaosha kwatoni..."

"Yaache hayo!" Nyati akafoka. Kifaru hakungoja zamu yake, akaangalia chini.

"Kijana anasema kweli," wazee wakasema kwa pamoja. "Habari za fagio tusizisikie."

Simba akagonga meza, ko! ko! "Bi Kanga, ulimwona akila?"

"Kula sikumwona, Mheshimiwa, lakini..."

"Basi hana hatia."

Bi Kanga alirudi kwake analia. Uchungu wa siku hiyo ulizidi ule wa kiota kitupu. Kwanza aliibiwa, sasa ameambiwa hakuibiwa.

Haukupita mwezi, Simba akaamka hana paja lake la pundamilia. Uwanja wake ulikuwa safi, haukuwa na unyayo hata mmoja, na fagio la chelewa limesahauliwa mlangoni.

"Nguchirooo!" Ardhi ikatetemeka.

"Mheshimiwa, kufagia si ku..."

"Kufagia ni kula!" wazee watatu wakadakia, hata hawajaulizwa. Nguchiro akafungwa kamba papo hapo.

Bi Kanga akasogea mbele. "Mheshimiwa, fagio ni lile lile. Na mayai yangu je?"

"Yale tulishayahukumu, mama," Simba akasema bila kumtazama. "Nenda nyumbani."

Akaenda. Msimu ule hakutaga tena.

Basi wanangu, ondokeni na neno hili: fagio la mwizi huonekana siku linapofagia kwa mkubwa.