Nyenje wa Sultani Mwengo

Hapo zamani alikuwako Sultani Mwengo, na ukutani mwa baraza lake akaingia nyenje, akawa analia kri-kri-kri kutwa kucha. Sultani akaamuru akamatwe. Basi askari, kwa kuwa hawakumjua nyenje kwa sura, wakaleta panzi, wakaleta nzige, wakaleta parare na chenene, wote wakatiwa gerezani; na ukutani kri-kri-kri ikaendelea.

Fukara mmoja, jina lake Vuai, akawaona askari wakimfunga panzi kamba, akacheka. Akaburutwa hadi barazani.

"Waicheka amri yangu?" akauliza Sultani.

"La, bwana wangu, naicheka kamba. Ni nene kuliko mfungwa."

"Vema. Amri yangu na imfikie nyenje masikioni, anyamaze. Isipomfikia, utakaa na hao panzi."

Vuai akafanya haraka, maana gerezani viboko vilikuwa vingi kuliko mikate. Akamchokoa nyenje kwa unyasi, akamweka juu ya zulia.

"Bwana wangu, masikio ya nyenje yako miguuni, chini ya magoti ya mbele. Na amri ya sultani haitamkwi na kinywa cha fukara."

Waziri akainama, akakodoa macho. "Ni kweli, bwana wangu. Pana kingozi kama cha ngoma."

Ikawa Sultani hana budi. Akavua kilemba, akalala kifudifudi mbele ya wakuu wote, ndevu zikifagia zulia, akalinong'oneza goti la nyenje: "Sisi, Mwengo, twakuamuru unyamaze."

Nyenje akanyamaza.

Sultani akainuka, akajikung'uta, akarudi kitini akitabasamu. Hajakaa vizuri, nyenje akapandisha mbawa, akazisugua: kri-kri-kri, kushinda kwanza.

"Mfungeni Vuai," akasema Sultani.

"Bwana wangu, amri imefika, tena imetiiwa. Huyu ni raia wako kama sisi: ukimkaribia hunyamaza, ukimpa kisogo husema."

Wakuu wakatazama vidole vya miguu yao. Waziri akashikwa na kikohozi kisicho na makohozi. Sultani akawakagua mmoja mmoja, wote kimya, ila nyenje. Akaangua kicheko hata machozi yakamtoka. Akaamuru gereza lifunguliwe, panzi na nzige wakaruka hata vilembani mwa watu.

"Vuai," akasema, "wewe hukaa mitaani na watu. Niambie wanayoyasema nikiwapa kisogo."

"Yote, bwana wangu?"

"Yote."

"Basi naomba kwanza nile."

Likaletwa sinia la pilau. Vuai akala, akanawa, akaanza kusema. Na waziri, aliyekuwa karibu na mlango, akaomba ruhusa ya kwenda kumtazama farasi wake.