Kiboko wa Huku na Kiboko wa Kule

Niilete?

Ilete!

Ni ndefu, jamani.

Tumekaa!

Ina kiboko ndani.

Mwingize, nafasi ipo!

Basi tulieni. Palikuwa na mto unaitwa Chimbwe, na kando ya mto wanyama walikuwa na banda, na ndani ya banda walikuwa na runinga. Msiniulize waliipata wapi. Waliipata. Nje ya banda walikuwa wameegemeza paneli ya sola kwenye jiwe. Jua linaingia huku, picha inatoka kule.

Kila Ijumaa, saa kumi alasiri, bonde zima liliacha kazi. Aliyekuwa analima aliacha jembe. Aliyekuwa anafua aliacha nguo kwenye povu. Mama Kanga, ambaye siku hizo alikuwa anaatamia, alitia mayai yake kikapuni akaja nayo, akayakalia hapohapo bandani. Wote walikuwa wanakimbilia tamthilia moja tu, Mlango wa Kule.

Katika tamthilia hiyo kuna mwanamke anaitwa Daktari Mwazema. Stoo kwake kuna mlango. Ukiufungua unatokea dunia nyingine iliyo sawasawa na hii, ila si hii. Kuna barabara zilezile na majirani walewale. Kuna hata Mwazema mwingine, sura ileile, sauti ileile. Lakini huku kaka yake Mwazema alikufa maji tangu utotoni. Kule kaka yake yu hai, anauza miwa sokoni, na anacheka.

Ijumaa hiyo ninayoisema, Mwazema wa huku alivuka akaenda kununua muwa kwa kaka yake. Kaka hakujua kuwa huyu si dada yake wa kule. Akammenyea muwa, akampa, akamwambia, "Karibu tena, dada." Mwazema akalia. Mama Kanga akalia. Mayai nayo, nadhani, yalilia. Mara Mwazema wa kule akatokea, wakatazamana wawili wale, picha ikawa giza, na ilipowaka, Mwazema mmoja tu alikuwa anarudi nyumbani kupitia mlangoni. Kisha, mwisho wa sehemu!

Banda likalipuka.

"Aliyerudi si wetu!" akasema Kobe. Kobe alikuwa mwalimu, na mambo aliyaangalia polepole. "Wetu hufunga mlango kwa mkono wa kulia. Huyu kafunga kwa kushoto."

"Ni wetu!" akasema Mama Kanga. "Mkono wa kulia ameshika muwa! Ulitaka afungie jino?"

"Muwa aliumaliza palepale."

"Hakuumaliza! Ulibaki kipande hiki!" Akaonyesha kwa bawa.

Pimbi alikuwa amekaa juu ya boriti, maana chini haoni kitu. Pimbi, kama mnamjua, ni mnyama mdogo kama sungura aliyekatwa masikio, anakaa kwenye nyufa za miamba na ukoo wake wote. Na kwa nini chini haoni kitu? Kwa sababu mbele kabisa, katikati, alikuwa amekaa Kiboko.

Kiboko alikuwa na nguvu, na alikuwa na tumbo. Kila aliyekuja bandani na kitu cha kutafuna, Kiboko alikipokea mlangoni. Karanga za Kobe, ngwamu! Ndizi za Pimbi, ngwamu, ngwamu! Mtama wa Mama Kanga, ngwamu, ngwamu, ngwamu! Akishashiba anakaa mbele. Akishakaa analala. Khooo... fyuu. Khooo... fyuu. Sehemu nzima. Na walikuwa na kanuni, iliyoandikwa mlangoni kwa mkaa: anayelala hakai mbele. Lakini nani amwambie?

"Na wewe, mzee Kiboko," Kobe akauliza kwa adabu, "umeionaje?"

Kiboko akafumbua jicho moja. "Nzuri," akasema. "Nzuri sana. Hasa pale walipopigana."

Hakuna aliyepigana. Wanyama wakatazama chini. Pimbi peke yake, juu ya boriti, hakutazama chini. Alimtazama Kiboko, akatikisa masharubu.

Kiboko akasimama. Dubwi, dubwi, akaenda hadi nyuma ya banda, kwenye ghala.

"Sikilizeni," akasema. "Ijumaa ijayo ni sehemu ya mwisho. Runinga hii nani anailinda? Mimi. Mlinzi anakula. Nachukua mtama huu."

"Mzee!" Mama Kanga akaruka, karibu avunje yai. "Hiyo ni mbegu! Magunia saba ndiyo tuliyobakiwa nayo! Mawingu hayo yanakuja, tutapanda nini?"

"Mtapanda mwaka kesho."

"Mwaka kesho tutakuwa tumekufa!"

"Basi mtapumzika. Na atakayenifuata, nitaikalia ile paneli. Nitaikalia hivi, kwaa! Tuone kama mtajua Mwazema yupi ni yupi."

Akabeba magunia yote, mawili mawili, akayapeleka kwenye matete anakolala. Wanyama wakabaki wamekaa. Nawaambia ukweli, wapo walionong'ona kwamba bora njaa kuliko kuikosa sehemu ya mwisho. Lakini Mama Kanga aliyatazama mayai yake, akasema kwa sauti ndogo, "Hawa wakianguliwa watakula nini?" Na hapo hata wale wa kunong'ona wakanyamaza.

Pimbi akashuka kwenye boriti. "Kesho asubuhi," akasema, "nitahitaji matikiti mawili, kibuyu kitupu, na mwalimu Kobe. Kobe aanze kutembea sasa hivi."

Kukapambazuka. Kiboko alikuwa amekaa katikati ya magunia yake, anafikiria aanze na lipi. Mara akamwona Pimbi anapita mbio, tiki tiki tiki, anasukuma tikiti.

"Wee kidudu! Wapi na tikiti hilo?"

"Shikamoo, mzee. Nina haraka. Ufa wa mwamba wetu umefunguka kama ule mlango wa Mwazema. Si ulimwona jana alivyopitisha gunia?"

Kiboko akapepesa macho. Gunia? Gunia gani? Aseme hakuliona? Watajua alilala.

"Nilimwona," akasema.

"Gunia moja likaingia..."

"Likaingia."

"...magunia mawili yakatoka."

"Nilimwona sana! Hata nikajiambia, he, mawili!"

"Kwaheri, mzee."

"Ngoja!" Kiboko akaja nyuma yake, dubwi, dubwi, dubwi, hadi kwenye mwamba. Kweli palikuwa na ufa. Mpana wa kupitisha gunia, si mpana wa kupitisha kiboko.

Pimbi akalisukuma tikiti ndani. "Sasa tugeuke. Uliona jana, Mwazema aligeuka?"

"Aligeuka, niliona! Hadi kitambaa kikamdondoka."

Wakageuka. Ndani ya ufa ukoo mzima wa Pimbi, dada na shangazi na wifi, walikuwa wameziba midomo wasicheke. Biringi, biringi! Matikiti mawili yakatoka. Kiboko akayatazama. Akayanusa. Ngwamu! Ngwamu!

"Pimbi," akasema, mate yanamtoka, "mtama unapita?"

"Mtama ndio unaopita vizuri. Lakini uliona sharti la jana, mzee? Unatia vyote. Ukibakiza hata punje, mlango unanuna."

"Niliona. Nilikuwa nataka kukukumbusha."

Akaenda, akarudi. Akaenda, akarudi. Magunia saba ni magunia saba hata kwa kiboko. Jasho lilimtoka hadi kwenye mkia. Akayasukuma ufani moja moja. Sss, puu! Sss, puu! Lile la saba likakwama, akalipiga kwa pua. Puu! Likaingia. Akageuka, akafumba macho, akaanza kuhesabu hadi mia. Kwa vile alijua kuhesabu hadi tisa tu, alifika tisa akarudi moja, akafika tisa akarudi moja, na muda wote huo ukoo wa Pimbi uliyaburuta yale magunia hadi upande wa pili wa mwamba, ambako Mama Kanga na wenzake walikuwa wanapokea na kubeba.

Kiboko akachoka kuhesabu. Akageuka. Hakuna kitu. Akainama ufani.

"Hodi!"

Kutoka ndani sana ikaja sauti nzito, inavuma. Ilikuwa ya Kobe, aliyetembea jioni yote na usiku wote ili afike pale, na sasa alikuwa ametia kichwa kwenye kibuyu. "Nani huyooo?"

"Mimi Kiboko!"

"Kiboko wa wapiii?"

"Wa huku!"

"Na mimi ni Kibokooo. Wa kuleee. Ahsante kwa mtama, ndugu yangu."

Kiboko akaruka nyuma. Akarudi tena. "Basi lete! Mara mbili! Magunia..." akajaribu kuhesabu kwa vidole, vikamwishia. "Lete mengi!"

"Nimeshayala."

"Umeyala?"

"Nimeyala yote saba. Nikalala kidogo. Nimeamka, nina njaa. Lete mengine."

Kiboko akang'aka. "Mroho wee! Huna haya! Unakula magunia saba peke yako, huwaachii wenzako hata punje? Una tumbo au una shimo?"

"Mbona unanitukana? Si mimi ni wewe?"

"Mimi siko hivyo! Ile ilikuwa mbegu ya watu!"

"Mbegu ya watuuu? Sasa wewe uliipata wapiii?"

Kiboko akapiga mwamba kwa kichwa, puu! Mwamba haukutikisika. Akapiga tena, puu! Pua ikavimba ikawa kama kiazi. Pimbi alikuwa ameshaondoka zamani.

Siku tatu Kiboko alikaa mtoni, maji yanamfika puani, anawaza. Alitaka kwenda kuikalia ile paneli. Lakini akawaza, nikiikalia, nitajuaje yule wa kule anafanya nini? Akaiacha.

Ijumaa saa kumi ikafika. Wanyama wakajaa bandani. Kiboko akaingia, pua imevimba, akanguruma, "Nashitaki! Pimbi amenidanganya! Aliniambia kwenye ile sehemu Mwazema alipitisha gunia!"

Wote walijua hapakuwa na gunia. Palikuwa na muwa tu.

Pimbi akasema kutoka juu ya boriti, taratibu, "Mzee Kiboko, wewe ulikuwepo, mbele kabisa. Niambie mwenyewe. Gunia lilikuwepo au halikuwepo? Kama halikuwepo, mimi ni mwongo. Lakini kama halikuwepo, wewe ulisema uliliona, sasa ulikuwa umeamka au umelala?"

Kiboko akatazama kulia. Akatazama kushoto. Akatazama mlangoni, kwenye yale maandishi ya mkaa.

"Lilikuwepo," akasema.

"Uliliona?"

"Niliona. Kubwa."

"Basi Pimbi hakudanganya," akasema Kobe, sauti yake bado imekauka kwa sababu ya kibuyu. "Aliyekula mtama ni yule wa kule. Shauri lako liko kule, mzee, hapa hatuna mamlaka."

Kiboko akafikiri sana, na mnajua kufikiri kunavyomchosha. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Na yule wa kule... anaweza kuja huku?"

"Mwazema si anakuja?" akasema Mama Kanga.

"Akija ataingilia wapi?"

"Mlangoni," wote wakasema.

Basi Kiboko akainuka mwenyewe, bila kusukumwa, akaenda kukaa nyuma kabisa, mgongo kwenye mlango, alinde asiingie mroho. Na kwa mara ya kwanza tangu banda lijengwe, kila mtu aliona runinga. Hata Chura aliona miguu ya Mwazema, ambayo miaka yote hakujua kama anayo.

Sehemu ya mwisho ikaanza. Aliyerudi, kumbe, alikuwa Mwazema wa kule. Wa huku alikuwa amebaki sokoni, amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anamenya miwa na kaka yake. Wote wawili walikuwa wamekubaliana kubadilishana, na kila mmoja akaufunga mlango kwa upande wake. Kobe akasema, "Nilisema mimi! Mkono wa kushoto!" Mama Kanga alikuwa analia hawezi hata kumjibu.

Lakini aliyelia kuliko wote alikuwa Kiboko. Hakulala hata kidogo. Alikuwa anavuta makamasi, fwaa, fwaa, banda linatikisika. Wakabishana hadi jua likazama, kama Mwazema alifanya vizuri au vibaya, na Kiboko akabishana nao, na safari hii alijua anachosema.

Jumapili mvua ikanyesha. Wakapanda magunia yote saba, na mayai ya Mama Kanga yakaanguliwa tisa, na mtama ukaota. Siku moja Kiboko akamkuta Pimbi anapalilia.

"Pimbi," akasema. "Yule wa kule. Siku hizi mimi nakula majani tu. Je, yeye naye ana njaa?"

Pimbi akamtazama. Akataka kucheka, akashindwa. "Hapana, mzee," akasema. "Ameshiba. Anakusalimu."

"Ahsante," akasema Kiboko. Akainama, akaanza kung'oa magugu kwa mdomo, mstari mzima, wala hakugusa mtama.

Ngano yangu naitua hapa, mabega yameniuma. Aliyeipenda aibebe, asiyeipenda aniachie, ninao wa kuwapa.

Na mafunzo yake, wanangu, ni haya. Uongo ni mbaya sana. Pimbi alisema uongo, na yaliyompata mmeyaona: mtama ulimjaa hadi akakosa pa kulala. Kwa hiyo msiseme uongo. Na Kiboko, ambaye hakumdanganya mtu yeyote isipokuwa nafsi yake, muigeni yeye, msinzie mbele za watu, na mkiulizwa semeni mliona.