Lundo la Mawe Kwenye Uwanda wa Dhahabu

Mtu mmoja alikuwa na ngamia, akawauza wote, akanunua fimbo inayolia. Jina lake Lomuria. Fimbo yenyewe ni ile mashine ya kutafutia dhahabu: ina mpini juu na sahani chini, nawe huipitisha juu ya mchanga polepole, kama mtu anayefagia uwanja wa mkwe, na ikihisi chuma au dhahabu ardhini inakulilia masikioni. Siku ilipofika nyumbani, mkewe Atabo aliizunguka, akaitazama juu na chini, akasema, "Baba Ekal, ngamia walikuwa wananipa maziwa. Hii itanipa nini, muziki?" Lomuria akacheka, maana hakuwa na jibu, na wanaume tukikosa jibu ndivyo tufanyavyo.

Wakamwacha mtoto wao Ekal kwa bibi yake, wakahamia kwenye uwanda ambako watu walikuwa wakiokota dhahabu. Walikuwa, kwa maana walipofika, uwanda ulikuwa umekwisha kupitiwa na wenye majembe, na wenye karai, na wenye mashine kuukuu, na wenye mashine mpya, hata mchanga wenyewe ulionekana umechoka kuguswa. Waliobaki walikuwa wanaume wachache wenye matumaini mengi na viatu vibovu. Waliokota misumari, vifuniko vya soda na maganda ya risasi. Mmoja wao, Ekidor, mtu wa mizaha, alichimba tangu asubuhi hadi jua likafika utosini akifuata mlio uliohama naye kila alipohama, mpaka mwenzake akamwomba, kwa upole, avue buti lake lenye chuma kwenye ncha. Walimcheka msimu mzima, naye alicheka kuliko wote. Tangu hapo akawa rafiki wa Lomuria.

Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa na desturi nzuri, na waliishika. Mtu akisikia mlio mkali wa kukwaruza, ule ambao sikio la mtafutaji huujua kuwa ni chuma tu, aliweka jiwe juu ya mahali pale, ili mwenzake asimwage jasho bure. Aliyefuata, akiliona jiwe, aliongeza la kwake, ndiyo kumshukuru aliyetangulia. Katikati ya uwanda palikuwa na mahali ambapo mlio wake ulipasua masikio. Hapo mawe yalikuwa lundo, na lundo likakua hadi kiunoni mwa mtu. Hata wale wenye mashine mpya, zenye kitufe cha kunyamazisha chuma, ambao masikioni mwao pale palikuwa kimya kabisa, waliongeza mawe yao kwa heshima. Lomuria naye aliongeza. Kila alipopita aliinama, akachagua jiwe zuri, akaliweka, akaenda zake akijiona mtu mwema.

Maji yalikuwa mbali. Wanawake walikwenda kuyachimba kwenye mchanga wa mto mkavu, wakitoka alfajiri na kurudi jua likiwa kali, madumu mgongoni. Njia nzima haikuwa na mti wala mwamba, ila lile lundo. Basi wakalifanya mahali pa kupumzikia. Waliteremsha madumu, wakaegemea mawe, wakawasema waume zao kidogo, wakaendelea na safari.

Kiangazi kimoja mke wa Ekidor alikutwa ameegemea lundo hilo, midomo imepasuka, dumu lake liko kando, tupu, maana mto ulimnyima siku ile. Alikuwa amekwisha kufa. Wakamzika karibu na hapo. Kaburi la watu wale hufunikwa kwa mawe, na mawe hayakuwa mbali. Wakayachukua kwenye lundo, likapungua hadi nusu. Walipomaliza wakaona onyo lao limefifia, na mgeni anaweza kupotea akachimba. Kwa hiyo, kabla ya kurudi kambini, kila mmoja alitafuta jiwe akalirudisha. Ekidor alirudisha la kwake huku machozi yanamtoka. Wakasemezana njiani kwamba kweli huyu ni muungwana, hata msibani haachi desturi.

Kiangazi kilichofuata mto ulikauka hadi chini. Wanaume wakakubaliana kuvunja kambi na kwenda mjini kwa miguu, usiku na mchana. Atabo alikuwa mjamzito, siku zake zimekaribia, na homa ilikuwa imemlaza. Hakuweza kusimama, sembuse kutembea. Katika dumu lao yalibaki maji ya kulowesha ulimi. Mnunuzi wa dhahabu alikuwa na pikipiki, naye alieleza bila ubaya wowote kwamba tangi halijazwi kwa maneno matamu. Apewe kipande cha dhahabu, hata kiwe kama punje ya mtama, atambeba mama huyo hadi hospitali. Yeye anaondoka jioni.

Lomuria akaishika fimbo yake. Alipita kila mahali alipowahi kupita, na kila mahali walipopita wengine, na masikio yake hayakupata kitu. Jua likaanza kuinama. Ndipo akalitazama lundo, akawaza kama mtafutaji awazavyo: chuma kikubwa kikilia, dhahabu iliyo kando yake haisikiki, basi kama kuna kipande kilichosalia katika uwanda huu, kitakuwa pale. Akaanza kutupa mawe. Waliokuwa wakifunga mizigo walimwona, wakamhurumia. Mmoja akamwita kwa mbali kwamba pale ni chuma kitupu, kila mtu anajua, aje akae na mkewe badala ya kujiaibisha. Lomuria hakugeuka.

Alitupa mawe hadi vidole vikachubuka, kisha akachimba mchanga. Chini kidogo tu, sururu iligonga bamba la chuma, pana kama mlango. Akapapasa pande zote. Hapakuwa na dhahabu. Akakaa juu ya bamba, akalia kama mtoto. Kisha akainuka, na kwa hasira tu, wala si kwa hekima, akachomeka ncha ya sururu ukingoni, akalibetua lile bamba.

Ubaridi ulimpiga usoni. Harufu ile aliijua kabla akili yake haijakubali. Akasukuma jiwe kwa mguu, likaanguka gizani, naye akasikia jiwe linavyosema likiingia majini.

Akapiga magoti ukingoni, akachungulia. Kilikuwa kisima cha watu waliowahi kuishi pale na kuhama, kimejengwa kwa mawe kuanzia chini hadi juu. Na aliyekifunika kwa chuma alikifunika vizuri ili mchanga na wanyama wasikiharibu, kwa ajili ya yeyote atakayekuja na kiu. Lomuria akayaangalia mawe aliyoyatupa. Mengine aliyatambua. Yalikuwa mazuri, na aliyachagua mwenyewe.

Akawaita wenzake, wakaja mbio, wakashusha kopo kwa kamba. Maji ya kwanza akapelekewa Atabo. Alikunywa taratibu, akanywa tena, macho yakafunguka, akamshika mumewe mkono na kumuuliza amewezaje kwenda mtoni na kurudi upesi hivyo. Lomuria akamfuta midomo, akatoka.

Aliporudi kisimani aliwakuta wote wamesimama mbali kidogo na ukingo, kama watu waliofika msibani wamechelewa. Ukingoni alikuwapo Ekidor peke yake. Kutoka hapo aliweza kuliona kaburi bila kugeuza shingo. Kopo lilikuwa mkononi mwake, limejaa, na alikuwa hajanywa. Akawatazama mmoja baada ya mwingine. Usoni mwake hapakuwa na hasira, na hilo ndilo lililowatisha.

"Ndugu zangu," akasema, "ni nani kati yetu aliyechimba hapa kwanza, akaona hakuna kitu?"

Mmoja akasema yeye alimkuta mwenzake ameweka jiwe. Mwenzake akasema naye alimkuta mwingine, mtu makini, asiyeweza kukosea. Huyo mtu makini akasema alikuta mawe yako pale, na watu wengi namna ile wasingeweza kukosea. Wakarudi nyuma hivyo, mtu kwa mtu, hadi wakafika kwa fulani aliyekwisha kuondoka, ambaye hakuna aliyelijua jina lake. Ekidor akanywa funda moja, akampa kopo aliyekuwa karibu naye, likazunguka mkono kwa mkono, na hakuna aliyeweza kumtazama machoni yule aliyempokeza.

Na yule jirani yako, ambaye mtaa mzima unasema hana lolote ndani yake, wewe uliambiwa na nani?